Maji ya Figo Bandia Yanahitaji Mlinzi wa Kila Siku

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi hupaswa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila awamu huchukua takriban saa nne. Katika saa hizo kimiminika cha kusafishia hupita ndani ya figo bandia kwa kasi ya kawaida ya nusu lita kwa dakika. Hesabu yake ni nyepesi: lita 120 kwa awamu moja, lita 360 kwa wiki, na zaidi ya lita 18,000 kwa mwaka. Mtu mwenye afya anywaye lita mbili kwa siku hafikishi lita 750 kwa mwaka mzima. Tena maji ya mtu huyo hupita kwanza tumboni na katika ini, na kisichofaa hutolewa na figo. Maji ya mgonjwa hutenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu, na figo ambazo zingetoa kilichopenya ndizo hizo zilizoshindwa.

Kwa miaka mingi mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama aliyefikwa na hali hiyo alielekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa atokaye Musoma. Safari tatu kwa wiki hazimudiki kwa mkulima wala kwa mvuvi, hivyo familia ililazimika kuhamia kwa ndugu, kuuza mifugo, au kukata tamaa. Huduma hii inaposogezwa kutoka hospitali za kanda hadi hospitali za rufaa za mikoa, ni haki macho ya watu wa Mara yaelekee Kwangwa, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Swali linaloulizwa kwanza kila mahali huduma hii inapofika ni idadi ya mashine. Swali hilo linafaa, lakini halitoshi. Liko jingine linalostahili kutangulia: nani analinda maji ya mashine hizo, anaandika nini kila asubuhi, na ana mamlaka gani ya kusimamisha kazi yanapoharibika?

Bomba linapogeuka chanzo cha sumu

Wahudumu wengi wa afya huamini kwamba hatari ya maji hutoka nje ya hospitali, na kwamba mtambo wa kuchuja ukishafungwa, kazi imekwisha. Historia ya tiba ya figo inafundisha vingine. Maji yakishachujwa hadi kubakiwa na chumvi kidogo mno, huwa na njaa. Huchukua hewa ya kabonidioksidi, huwa na uasidi kidogo, na huanza kutafuna kila yanachokigusa. Kwa hiyo bomba, tangi na pampu vinavyofuata baada ya mtambo huweza kuyatia sumu maji ambayo mtambo umekwisha kuyasafisha.

Mfano mchungu ni wa kisiwa cha Curaçao mwaka 1996. Kituo cha kusafishia damu kilipata maji yaliyotokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Bomba jipya likatandazwa, likiwa limepakwa saruji ndani. Maji yale yenye njaa yaliitafuna saruji, yakabeba aluminiamu hadi kwa wagonjwa. Kati ya wagonjwa 27 waliokuwa wakihudumiwa, 10 walifariki kwa aluminiamu iliyoathiri ubongo. Bomba lile lilikuwa jipya. Kosa lilikuwa kutojua kwamba haliyafai maji yale.

Nchini Australia, taarifa ya mwaka 1972 ilieleza habari za mgonjwa aliyesafishiwa damu nyumbani kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika tangi la bati. Zinki iliyopakwa kwenye bati iliyeyuka, naye akadhurika. Habari hiyo iwaguse wenyeji wa Mara, ambako maji ya mvua yakingwayo kutoka kwenye paa la bati ni riziki ya kaya nyingi. Maji hayo huweza kufaa kwa matumizi ya nyumbani yakitunzwa vizuri, lakini kamwe hayawi maji ya figo bandia kwa sababu tu yanaonekana maangavu.

Marekani nako, mwaka 1980, iliripotiwa kwamba wagonjwa 23 wa kituo kimoja walipata kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu. Chanzo kilikuwa tangi la kupashia maji moto. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, lakini ndani lilipakwa nikeli, na nikeli hiyo ilikuwa ikiyeyuka majini. Kisa hiki ndicho kinachogusa kiini cha makala haya, kwa kuwa kinavunja imani kwamba jina zuri la chuma ni dhamana ya maji mazuri.

Chuma chenye ngozi

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, hakina kinga ya asili dhidi ya kutu. Kinachokilinda ni ngozi. Kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, kromiamu hiyo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu. Utando ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe maadamu oksijeni inaufikia. Daraja linalopendelewa kwa maji ya tiba na ya kutengenezea dawa za sindano huitwa 316L. Lina kromiamu ya asilimia 16 hadi 18, nikeli isiyopungua asilimia 10, na molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3. Herufi L huonyesha kwamba kaboni yake ni ndogo, isiyozidi asilimia 0.03, ili chuma kisidhoofike kinapochomelewa.

Vituo vingi vya kusafishia damu hutumia mabomba ya plastiki maalumu, na plastiki hiyo haishiki kutu. Chuma huchaguliwa pale hospitali inapotaka kuua bakteria kwa maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, kwani joto hufika hata kwenye pembe ambako dawa haifiki, wala haliachi mabaki ya kusuuza. Huo ni uchaguzi mzuri. Lakini anayeuchagua hana budi kuwajua maadui wanne wa ngozi ile.

Adui wa kwanza ni klorini na kloridi. Kila muuguzi amewahi kuona mkasi uliolowekwa kwenye dawa ya klorini kupita muda wake: hutoka na vidoa vya kahawia, na kwenye bawaba hutoboka kama ulioliwa na mchwa. Ndani ya bomba mambo huwa yaleyale, ila hakuna anayeyaona. Hatari huongezeka umeme unapokuwa ghali au unapokatika. Mtu mwenye nia njema huamua kuacha maji ya moto na kumimina klorini kwenye mfumo wa chuma. Bakteria watakufa wiki hiyo, lakini vishimo vitakavyochimbwa kwenye chuma vitakuwa maficho yao kwa miaka.

Adui wa pili ni uchomeleaji duni. Mahali pa kiungo palipobadilika rangi kuwa ya samawati au kahawia kwa joto, ngozi imeharibika. Kiungo hicho hupaswa kusafishwa, kisha bomba zima lioshwe kwa asidi ya nitriki au ya sitriki ili ngozi ijengeke upya. Kazi hii ina cheti chake, na hospitali isipokee mfumo mpya bila cheti hicho mkononi.

Adui wa tatu ni maji yaliyotuama. Bomba lenye tawi lisilotumika, au mfumo unaozimwa tangu Jumamosi hadi Jumatatu, hujenga utelezi wa bakteria. Chini ya utelezi huo oksijeni haifiki, na ngozi ya chuma haijiponyi. Bakteria na kutu hulindana: mmoja hujenga nyumba, mwingine huhamia.

Adui wa nne huja polepole. Maji safi sana yakizunguka yakiwa moto kwa miezi na miaka, huweza kuacha unga mwembamba mwekundu juu ya chuma, ambao ni oksidi ya chuma. Mara nyingine unga huo huwa umetoka kwenye pampu ya daraja hafifu na kusambaa mfumo mzima. Unapoonekana, ni taarifa kwamba ngozi inadhoofika mahali fulani, na yafaa paangaliwe kabla metali haijafika kwenye damu ya mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mfumo wa maji msemo huo ni kweli tupu.

Ziwa na mto havikai vilevile

Ulinzi wa mabomba hautenganishwi na hali ya maji yanayoingia. Musoma hunywa maji ya Ziwa Viktoria. Bunda nayo huyategemea, na mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama unayapeleka maji hayohayo bara, hadi nyumbani kwa Baba wa Taifa. Ziwa hilo lina majira yake. Lipo wimbi la mwani wa kijani unaotanda juu ya maji, na baadhi ya bakteria wa rangi hiyo hutoa sumu zinazoshambulia ini. Yapo pia matope ya masika yanayoletwa na mito. Mwezi Machi 2022 wakazi wa bonde la Mto Mara waliona maji yakigeuka meusi na samaki wakielea wamekufa, hata serikali ikaunda kamati ya uchunguzi.

Maji ghafi yanapochafuka, mamlaka ya maji huongeza klorini, na hufanya hivyo kwa sababu njema. Lakini klorini hiyo ikipenya kwenye figo bandia hupasua chembe nyekundu za damu, na ikifika kwenye chuma huchimba vishimo. Vilevile sumu ya mwani haizuiliwi kwa kuona maji ni maangavu. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, maji ya bwawa yaliyojaa bakteria wa kijani yaliletwa kwa magari hadi kituo cha kusafishia damu bila kutibiwa ipasavyo. Zaidi ya wagonjwa 100 waliugua, na zaidi ya 50 walipoteza maisha kwa maini yao kuharibika.

Funzo kwa Mara liko wazi. Mamlaka ya maji na kitengo cha kusafisha damu vinapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi: kipimo cha klorini kinapobadilishwa, bomba linapokatwa kwa matengenezo, au mwani unapotanda, simu ipigwe hospitalini kabla ya maji hayo kufika huko. Na hospitali inapopungukiwa maji ya bomba, isikubali gari la maji ambalo chanzo chake hakijulikani.

Daftari, kipimo na mamlaka

Hapa watasimama wenye kusema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba mkoa unaoanza huduma uanze kwanza, usahihi utafuata. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mgonjwa asiyesafishwa damu hufa kwa hakika, ilhali maji mabaya huua kwa bahati mbaya. Ila inasahau jambo moja. Sehemu kubwa ya ulinzi wa maji haigharimu fedha nyingi, inagharimu nidhamu.

Klorini hupimwa kwa kitendanishi rahisi kwa dakika chache, na hupaswa kupimwa kabla ya kila zamu ya wagonjwa, baada ya tangi la mkaa maalumu linaloiondoa. Jumla yake isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Upitishaji wa umeme wa maji husomwa kwenye kioo cha mtambo, na kuuandika huchukua nusu dakika. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme ila kidogo sana, hivyo namba inayopanda siku hadi siku huonyesha kwamba utando wa kuchuja unachoka. Msomaji wa namba hiyo hata hivyo ajue mipaka yake: haioni bakteria, haioni sumu zao, wala haioni sumu ya mwani, na metali kidogo inayotosha kudhuru huweza kujificha ndani yake.

Kutu nayo ina ishara zisizohitaji maabara. Kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya mfuniko wa tangi kila mwezi kitaonyesha unga mwekundu mapema. Chujio linalotolewa baada ya pampu lipigwe picha na kuwekewa tarehe, ili rangi ya Januari ilinganishwe na ya Juni. Kipande kidogo cha bomba kinachoweza kufunguliwa na kuangaliwa ndani kiagizwe tangu siku ya kujenga mfumo, kwani baadaye kukipachika ni gharama.

Vipimo vinavyohitaji fedha ni vichache, na vina ratiba. Bakteria na sumu zao vipimwe kila mwezi: bakteria wawe chini ya 100 kwa mililita, na wakifika 50 hatua zichukuliwe bila kusubiri. Metali zipimwe mfumo unapokabidhiwa, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya matengenezo makubwa. Viwango vyake ni vikali kuliko vya maji ya kunywa. Shaba inayoruhusiwa katika maji ya kunywa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 kwa lita. Katika maji ya kusafishia damu ni 0.1. Kromiamu ni 0.05 kwa maji ya kunywa, na hapa ni 0.014. Aluminiamu isizidi 0.01. Cheti cha maji ya kunywa, hata kiwe halali vipi, hakijibu swali la mgonjwa wa figo. Chupa za sampuli zikitoka Musoma asubuhi huweza kufika maabara za Mwanza siku hiyohiyo. Kinachokosekana mara nyingi ni kifungu cha bajeti kinachotaja jambo hilo kwa jina.

Lililo gumu kuliko fedha ni mamlaka. Fundi wa vifaa tiba anayeona namba imevuka kiwango saa kumi na mbili asubuhi, huku wagonjwa sita wamekwisha kufika, mmoja akiwa ameondoka Butiama kabla ya jua kuchomoza, yuko katika mtihani mzito. Akisimamisha mashine bila kuungwa mkono, ataitwa mkorofi. Akinyamaza, huenda lisitokee lolote siku hiyo, naye atajifunza kunyamaza tena. Uongozi wa hospitali unapaswa kumwondolea mtihani huo kwa waraka ulio wazi: kipimo kikivuka mpaka, mashine hazifunguliwi, na fundi au muuguzi aliyezuia halaumiwi hata kama baadaye kipimo kitaonekana kilikosea. Waraka huo uende pamoja na mpango wa dharura, ili mgonjwa aliyerudishwa ajue atasafishiwa damu wapi na lini.

Kwa sababu hizo, daftari la maji lapaswa kupewa heshima ileile ya faili la mgonjwa. Lisijazwe mwisho wa wiki kwa kukisia. Daktari bingwa anapopita wodini asome namba za siku hiyo kabla ya kusoma za mgonjwa, kwa kuwa maji ndiyo dawa anayoipata kwa wingi kuliko nyingine yoyote. Mfamasia hakubali chupa ya dripu isiyo na namba ya toleo. Lita 120 zinazopita pembeni mwa damu ya mtu zinastahili angalau mstari mmoja wa maandishi na sahihi.

Haki ya mgonjwa kuuliza

Mgonjwa na familia yake si watazamaji katika jambo hili. Wanayo haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, kama maji yamepimwa asubuhi hiyo, na muuguzi aliyeandika namba atafurahi kuonyesha kazi yake. Mgonjwa anayepata baridi na homa akiwa kwenye mashine, kichefuchefu cha ghafla, maumivu ya tumbo au ya kifua, au anayeona damu kwenye mrija imegeuka rangi na kuwa nyeusi, aseme mara moja bila kusubiri awamu iishe. Wagonjwa wawili wakilalamika jambo lilelile siku moja, maji yashukiwe kwanza. Yapo pia madhara yanayojengeka kwa miezi: maumivu ya mifupa, ulimi kuwa mzito, kusahau, au upungufu wa damu usiosikia dawa. Hayo nayo yaelezwe kliniki.

Hofu ya maji isimfanye mtu yeyote aache kusafishwa damu. Anayeacha hupoteza maisha ndani ya siku au wiki chache, ilhali maji yaliyolindwa vizuri huwapa watu miaka ya kulima, kuvua na kulea wajukuu. Makala haya yana ombi moja kwa wenye dhamana ya afya mkoani Mara. Mgonjwa wa Bunda anapoingia chumba cha kusafishia damu, daftari la maji na liwe wazi juu ya meza, likiwa na namba za asubuhi hiyo na jina la aliyezipima.